Kutoka Safari 36,000 Hadi Meli Moja: Namna ya Kuchunguza Data Nyingi kwa Picha

Kanzidata ya SlaveVoyages ina kumbukumbu za safari zaidi ya 36,000 za meli zilizowavusha Waafrika Bahari ya Atlantiki wakiwa watumwa, tangu karne ya 16 hadi mwaka 1866. Mtu akiamua kuzisoma moja baada ya nyingine, safari 100 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, atatumia mwaka mzima, na akifika mwisho atakuwa amesahau alichosoma mwanzo. Mwaka 2015 jarida la mtandaoni la Slate, nchini Marekani, lilichukua safari 20,528 kati ya hizo na kuzigeuza nukta kwenye ramani. Kila nukta ni meli inayoondoka pwani ya Afrika na kukata bahari kuelekea Brazili, visiwa vya Karibi au Amerika Kaskazini. Nukta ikiwa kubwa, waliofungwa ndani ni wengi. Miaka 315 inapita kwa takriban dakika mbili. Ukiisimamisha ramani na kubofya nukta moja, unaonyeshwa bendera ya meli, ilikotoka na ilikokuwa ikienda.

Kubofya huko ndicho kiini cha mwongozo huu. Mchoro uliochapishwa kwenye karatasi humwonyesha msomaji kile alichokiona mchoraji, basi. Mchoro unaoitika mguso humwachia msomaji aulize lake: miaka ile je? Bandari ile je? Na meli hii moja ilibeba watu wangapi? Mwanahabari, mwalimu, karani wa halmashauri au mwanafunzi wa chuo aliyekaa mbele ya faili la Excel lenye mistari 10,000 anauhitaji uwezo huohuo, na siku hizi anaweza kuupata bila kujua kuandika programu. Anachohitaji ni utaratibu, pamoja na msimamo mmoja wa kuushikilia tangu mwanzo: picha isiyomruhusu mtu kushuka hadi kwenye rekodi moja haistahili kuaminiwa.

Yote kwanza

Mwaka 1996 Ben Shneiderman, profesa wa sayansi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Maryland, aliandika makala iliyopanga hatua ambazo wabunifu wa programu wanazifuata hadi leo. Mtazamaji aone kwanza sura ya mkusanyiko mzima. Kisha akuze sehemu inayomvutia na kuchuja asiyoyataka. Kisha, pale tu anapotaka, apate maelezo ya kitu kimoja. Hatua hizi ni rahisi kuzitamka, lakini watu wengi huzipindua. Wanafungua faili, wanakimbilia wilaya yao au shule yao, wanaipata namba, wanafurahi au wanakasirika, wanafunga. Hawawezi kujua kama namba ile ni ya kawaida au ni ya ajabu, kwa kuwa hawajaona nyingine.

Shneiderman alikuwa ameonja shida hiyo ofisini kwake. Mnamo mwaka 1990, diski ngumu ya megabaiti 80 iliyotumiwa na watu 14 katika maabara yake ilikuwa ikijaa kila mara, na orodha za mafaili hazikuonyesha nani anaijaza. Akabuni mchoro wa mstatili mmoja uliokatwa visanduku: kila kisanduku ni faili, eneo lake ni ukubwa wa faili, na vya mtu mmoja vinakaa pamoja. Kwa kutupa jicho tu unajua nafasi imekwenda wapi. Programu ya WinDirStat, inayotumiwa kusafisha kompyuta za Windows, bado inachora hivyo hivyo. Mchoro huo unafaa mno kwa bajeti. Ukiweka matumizi ya kaunti au halmashauri kwenye visanduku, idara kubwa zinajitokeza zenyewe. Ukibofya moja, inafunguka na kuonyesha vifungu vilivyomo ndani yake.

Kuna anayedhani kwamba wastani na asilimia zinatosha kutoa sura ya yote. Hazitoshi. Mwaka 1973 mwanatakwimu wa Kiingereza, Francis Anscombe, alitunga mafungu manne ya data, kila moja likiwa na nukta 11. Wastani ni uleule kwa mafungu yote, na uhusiano wa namba zake nao ni uleule, 0.816. Ukiyachora, la kwanza ni nukta zinazopanda kwa mtawanyiko wa kawaida, la pili limejipinda kama upinde, la tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyochepuka, na la nne ni nukta zilizosimama wima huku moja ikiwa mbali peke yake. Kwa hiyo usianze na wastani. Anza na nukta zote, hata zikiwa nyingi kiasi cha kuonekana kama wingu.

Kwa SlaveVoyages, mwanzo unaofaa ni grafu ya miaka. Wataalamu wa kanzidata hiyo wanakadiria kwamba watu milioni 12.5 walipakiwa melini na milioni 10.7 wakashushwa wakiwa hai. Grafu inaonyesha kuwa zaidi ya nusu yao walichukuliwa katika karne ya 18. Inaonyesha pia jambo linalomfanya msomaji akae sawa kwenye kiti: Uingereza ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1807, lakini mstari hauanguki hadi sifuri. Katika karne ya 19 pekee walichukuliwa watu zaidi ya milioni tatu. Nani aliendelea? Kutoka wapi? Picha nzuri ya mwanzo huzaa maswali ya namna hiyo, na maswali ndiyo yanayoongoza hatua inayofuata.

Kuchuja kwa mkono

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, maabara hiyohiyo ya Maryland ilitengeneza programu ya kutafutia nyumba za kuuzwa jijini Washington. Badala ya kuandika sharti na kusubiri majibu, mtumiaji aliburuta vidude vya bei na vyumba huku nukta za nyumba zikipungua au kuongezeka kwenye ramani papo hapo. Mwaka 1994 Christopher Ahlberg na Shneiderman walifanya vivyo hivyo kwa filamu. Kila anayetafuta chumba cha hoteli au simu mtandaoni leo na kuburuta mstari wa bei anatumia mbinu iliyotoka huko.

Faida yake iko kwenye kasi. Mkono ukisogea na picha ikasogea nao, mtu anaona mpaka ambapo hali inabadilika, kitu ambacho hawezi kukiona akipewa jibu moja kwa kila swali. Mwaka 2014 watafiti Zhicheng Liu na Jeffrey Heer walipima jambo hili: waliwaongezea watumiaji ucheleweshaji wa nusu sekunde tu kwa kila kitendo, na watumiaji hao wakapunguza uchunguzi wao na kugusa sehemu ndogo zaidi ya data. Mchoro unaokwama unamfanya mtu aache kuuliza.

Sasa chukua SlaveVoyages na uchuje kwa mahali pa kupakia. Chagua kanda ya Kusini-Mashariki mwa Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi. Kundi la mamilioni linashuka hadi makadirio ya watu zaidi ya nusu milioni, na umbo la grafu linabadilika: uzito wake uko baadaye, hasa katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, meli zikielekea Brazili na Kuba. Hapo swali la 1807 linapata sehemu ya jibu lake. Wafanyabiashara walipobanwa katika pwani ya magharibi, baadhi yao walizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuja upande huu. Miongoni mwa bandari za kanda hiyo msomaji wa pwani ya Waswahili atakuta majina anayoyajua, likiwemo Kilwa.

Mambo matatu ya kushika unapochuja. Ondoa au ongeza sharti moja kwa wakati mmoja, ili ujue ni lipi lililobadilisha picha. Usiondoe macho kwenye namba ya rekodi zilizobaki. Grafu ya rekodi tisa inaweza kupendeza sawasawa na ya rekodi elfu tisa, lakini hairuhusu hitimisho lolote. La tatu ndilo linalowaponza wengi: rekodi zisizo na taarifa. Meli ambayo bandari yake haikuandikwa inatoweka kimya kimya mara unapochuja kwa bandari. Haitoi taarifa kwamba imeondoka. Kwa hiyo kabla ya kuchuja kwa safu yoyote, hesabu ni mistari mingapi ina nafasi tupu katika safu hiyo, na uandike namba hiyo pembeni.

Kisichokuwemo

Kuna hatari nyingine kwa mtu wa Afrika Mashariki anayeitazama ramani ile ya Atlantiki. Nukta nyingi zinatoka Angola, Ghuba ya Benin na Ghuba ya Biafra. Upande wetu ni chache. Mtu asiyejua anaweza kusema kwamba pwani yetu iliumia kidogo. Lakini kanzidata ile ilijengwa kwa safari zilizovuka Atlantiki. Misafara ya bara iliyoshuka Bagamoyo na Kilwa, majahazi yaliyokwenda Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, pamoja na watu waliopelekwa kufanya kazi katika mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, havihesabiwi humo.

Picha huonyesha kilichoandikwa na kilichokusanywa. Kwa hiyo kila unapokutana na eneo tupu kwenye ramani au pengo kwenye grafu, uliza kwanza: hapakuwa na kitu, au hapakuwa na mwandishi? Hali ni hiyohiyo kwa kazi za leo. Mnamo Januari 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman, David Kobia na wenzao walianzisha Ushahidi, jukwaa lililopokea taarifa za wananchi kwa mtandao na kwa ujumbe wa simu na kuziweka kwenye ramani. Lilikuwa jambo kubwa, na programu hiyo imetumika kwingi duniani, Haiti ikiwemo baada ya tetemeko la mwaka 2010. Lakini ramani ya namna hiyo ina nukta nyingi penye simu na mtandao. Kijiji kisicho na nukta huenda kilikuwa na amani, huenda pia hakikuwa na chaji.

Picha mbili zinazoitikiana

Mbinu ambayo wanaoanza hawaijui, na ambayo huenda ndiyo yenye nguvu kuliko zote, ni kuunganisha picha mbili au tatu za data ileile. Gusa kipande katika moja, na nukta hizohizo zinang'aa katika nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanatakwimu John Tukey na wenzake walikuwa na programu iitwayo PRIM-9 katika maabara ya chembe ndogo huko Stanford, iliyowawezesha kuizungusha data yenye vipimo hadi tisa na kutenga sehemu yake kwenye skrini. Mwaka 1987 Richard Becker na William Cleveland wa Bell Labs wakaeleza mbinu ya kupitisha kishale juu ya nukta kama mtu anayepaka rangi, na rangi hiyo kutokea kwenye grafu zote kwa pamoja.

Mtu yeyote mwenye Excel anaweza kufanya toleo dogo la jambo hili. Chukua faili lako, tengeneza PivotTable (jedwali la muhtasari) mbili, moja ikihesabu kwa mwaka na nyingine kwa mkoa, na uchore grafu kwa kila moja. Kisha weka Slicer, yaani kichujio chenye vitufe, ya safu ya tatu, tuseme jinsia au aina ya shule, na uiunganishe na PivotTable zote mbili. Sasa kila ukibonyeza kitufe kimoja, grafu zote mbili zinabadilika kwa pamoja. Google Sheets nayo ina Slicer kwenye menyu ya Data. Kazi yote haizidi saa moja, na inatoa zaidi ya kinachotolewa na kurasa nyingi za grafu zilizopangwa kwenye ripoti.

Kabla ya hapo, safisha. Kompyuta inaona "Dar es Salaam", "Dar-es-Salaam", "DSM" na "Dsm" kuwa miji minne. Programu ya bure iitwayo OpenRefine inakusanya maandishi yanayofanana na kukuuliza kama ni kitu kimoja; usipokubali, unakataa. Angalia tarehe nazo, kwa sababu 03/04 kwa Mwingereza ni tarehe tatu Aprili na kwa Mmarekani ni tarehe nne Machi, na faili lililopitia mikono mingi huwa na zote mbili.

Ramani na eneo

Watu wanapenda ramani kwa kuwa kila mtu anatafuta kwao. Ndiyo maana inapaswa kuchorwa kwa uangalifu kuliko mchoro mwingine wowote. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi na 926,976 Turkana. Kwa eneo, Turkana ni karibu mara 100 ya Nairobi. Ukizipaka kaunti rangi, hata kama Nairobi ndiyo yenye rangi iliyokolea, jicho linachukuliwa na Turkana na Marsabit huku Nairobi ikibaki alama inayotafutwa. Tanzania ni vilevile: Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya 2022, na Tabora 3,391,679, lakini Tabora ina ardhi zaidi ya mara 50.

Tiba ni mbili. Unapoonyesha idadi, tumia miduara iliyowekwa juu ya kila mkoa, ukubwa wa duara ukifuata idadi. Unapopaka rangi eneo zima, paka uwiano: kwa kila watu 1,000, au kwa kilomita ya mraba. Kisha weka kando ya ramani grafu ya mihimili iliyopangwa kutoka mkubwa hadi mdogo, na uziunganishe hizo mbili. William Cleveland na Robert McGill walionyesha mwaka 1984 kwamba macho hulinganisha urefu na mahali kwa usahihi zaidi kuliko pembe na eneo. Ramani inamwambia mtu ni wapi. Mihimili inamwambia ni kiasi gani.

Kuhusu rangi, fupi tu: kwa kiasi, tumia rangi moja inayokolea hatua kwa hatua, kwa aina, tumia rangi tofauti, zisizidi sita. Wanaume wengi kuliko wanawake hawatofautishi nyekundu na kijani, kwa hiyo usitegemee jozi hiyo kuonyesha kibaya na kizuri. Zana ya ColorBrewer, iliyobuniwa na mwanajiografia Cynthia Brewer wa Pennsylvania, inakupangia rangi zilizo salama, bila malipo.

Michoro inayotembea

Daktari Hans Rosling wa Sweden, aliyewahi kufanya kazi Nacala, kaskazini mwa Msumbiji, alifanya takwimu zipendwe kuliko mtu yeyote wa kizazi chake. Mwaka 2005 yeye, mwanawe Ola na mkwewe Anna Rosling Rönnlund walianzisha Gapminder. Hotuba yake ya TED ya mwaka 2006 ilionyesha nchi kama mapovu yanayopanda na kushuka mwaka hadi mwaka, kipato mlalo na afya wima, naye akitangaza kama mtangazaji wa mpira. Google iliinunua programu iliyochora mapovu hayo mwaka uliofuata.

Lakini mapovu yale yalisaidiwa sana na sauti ya Rosling iliyokuwa ikielekeza macho. George Robertson na wenzake wa Microsoft Research walipolinganisha mbinu hizi mwaka 2008, watumiaji walisema mchoro unaotembea unasisimua, ila michoro midogo iliyotulia na kupangwa sambamba ndiyo iliyowapa majibu sahihi zaidi. Sababu iko wazi: mchoro ukitembea, mtu lazima akumbuke mwaka uliopita ili aulinganishe na wa sasa, na kumbukumbu haiwezi kushika mapovu 150. Tumia mwendo unaposimulia mbele ya watu. Unapochunguza mwenyewe, panga picha za miaka mbalimbali ubavu kwa ubavu. Na kama lazima mchoro utembee, mpe mtazamaji kitufe cha kusimamisha na uwezo wa kuiwekea nchi moja alama inayoacha njia yake nyuma, kama Gapminder inavyofanya.

Simu ndiyo skrini

Sehemu kubwa ya wanaosoma Kiswahili mtandaoni wanatumia simu, kwa bando la kununua. Hili linabadilisha kanuni kadhaa zilizotungwa kwa ajili ya kompyuta kubwa. Kwenye simu hakuna kishale cha kusimamisha juu ya nukta. Maelezo yaliyofichwa yakisubiri kishale hayatasomwa na yeyote. Yaweke yatokee kwa mguso, na nukta ziwe kubwa za kutosha kidole. Nukta zikisongamana, ziunganishe kwenye duara lenye namba, linalopasuka mtu anapokuza. Kama una mistari laki moja, usimtumie msomaji yote: piga hesabu za jumla kabla, mpe jumla hizo, na rekodi moja moja zipakuliwe pale tu anapozigusa. Picha inakuwa nyepesi, inaitika haraka, na bando la msomaji linapona.

Kwa anayeanza bila kuandika programu, Datawrapper ya Berlin na Flourish ya London zinatosha kwa grafu na ramani za kuchapisha. Zote zina huduma ya bure, na zote huendana na skrini ya simu. Tableau Public ina nguvu zaidi kwa picha zilizounganishwa, ila ujue kwamba kazi unayochapisha humo huonekana na umma, kwa hiyo usiweke majina ya wagonjwa au wanafunzi. QGIS ni ya bure na ndiyo ya kujifunza kama kazi yako ni ramani. Anayejua JavaScript ataifurahia D3, maktaba iliyotolewa mwaka 2011 na Mike Bostock na wenzake wa Stanford.

Hadi kwenye meli moja

Tarehe 27 Desemba 1794 meli ya Kireno iitwayo São José Paquete d'Africa ilizama karibu na Cape Town. Ilikuwa imetoka Kisiwa cha Msumbiji mapema mwezi huo ikielekea Maranhão, Brazili, ikiwa na watu zaidi ya 400. Takriban 212 kati yao walikufa maji. Walionusurika waliuzwa hapo hapo Cape. Mabaki yake yalitangazwa mwaka 2015 na jumba la Iziko la Afrika Kusini pamoja na Smithsonian ya Marekani. Katika takwimu za mamilioni, safari hii ni nukta. Katika rekodi ni watu wa pwani ya Msumbiji na bara lake, waliopita kusini tu mwa kwetu.

Ndiyo maana kushuka hadi chini ni sharti. Rekodi moja ndiyo inayokuonyesha data imetengenezwaje. Katika SlaveVoyages kila safari ina namba yake na inataja hati ilikotoka. Ukiifungua unagundua kwamba baadhi ya idadi zimeandikwa kwenye nyaraka, na nyingine zimekadiriwa na watafiti kutokana na safari zinazofanana. Kanzidata yenyewe inazitenganisha. Mtu aliyeishia kwenye grafu hajui hilo. Tovuti hiyo imekuwa pia na orodha ya Waafrika 91,491 waliokombolewa kwenye meli zilizokamatwa na kuandikishwa Freetown na Havana: majina yao, umri na jinsia. Chagua rekodi kumi bila mpangilio katika data yoyote unayoichunguza, uzisome neno kwa neno kabla hujachapisha kitu. Kosa la mwaka, namba iliyoongezewa sifuri, mtu aliyeandikwa mara mbili, yote hayo huonekana huko chini na hayaonekani huko juu.

Kwa watu walio hai, sharti hilo lina mpaka. Ukichuja sensa kwa kijiji, umri, kazi na ulemavu, mwisho unaweza kubakiwa na mtu mmoja, na jirani zake watamtambua hata bila jina. Unapochapisha data ya wagonjwa, wanafunzi au waathirika wa ukatili, funga mlango mapema: kundi likiwa na watu wachache kuliko kiwango ulichojiwekea, tuseme kumi, picha iseme tu kwamba ni wachache. Mtafiti mwenye kibali ashuke hadi chini. Umma uishie ngazi ya kundi. Hapo uaminifu wa picha unabebwa na kitu kingine, yaani maelezo ya wazi ya namna data ilivyokusanywa na ni nani aliyeikagua.

Ukimaliza, chapisha picha pamoja na faili lake la CSV, tarehe uliyolipata, vichujio ulivyotumia na idadi ya mistari iliyokuwa na nafasi tupu. Msomaji mwenye shaka aweze kurudia kazi yako kwake. Na pale ambapo ofisi ya umma imetoa takwimu kwa PDF iliyopigwa picha, isiyoweza kuchujwa wala kutafutwa neno, usikae ukinakili kwa mkono kimya kimya. Andika barua uombe faili lenyewe. Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016: ofisi ya Tanzania ina siku 30 za kujibu, ya Kenya ina siku 21.